Aendaye Mallorca akaone soko la Sineu, na aende Jumatano

Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari wa Jumamosi iliyopita ulieleza habari za Mallorca, kisiwa cha Uhispania kilichoko Bahari ya Mediterania. Karibu maelezo yote yalikuwa ya fukwe, mahoteli na mashua za kukodi. Mwisho kabisa ukaongezwa mstari mmoja, kwamba ndani ya kisiwa kuna mji wa kale wa soko uitwao Sineu, na kwamba mgeni anaweza kuutembelea siku yoyote ya wiki. Naomba nafasi niusahihishe mstari huo, kisha nieleze kwa nini ulistahili kuwa ndio habari yenyewe.

Soko la Sineu ni la Jumatano. Halina siku nyingine. Atakayeshuka pale Alhamisi atakuta mji mdogo wa mawe, milango imefungwa, na uwanja mtupu. Ataona kanisa na vichochoro, atakunywa kahawa, na baada ya saa moja hatakuwa na la kufanya. Akirudi Mombasa atasema Sineu haina kitu, na kwa siku aliyokwenda atakuwa kasema kweli.

Mtu wa Pwani anayekusanya nauli ya Ulaya hana haja ya kulipia bahari. Bahari anayo, Nyali, Bamburi, Shelly, Diani, na maji yake ni ya vuguvugu mwaka mzima. Kule Mediterania mwezi wa Februari hakuna Mswahili atakayetia mguu majini kwa hiari yake. Kitu ambacho kisiwa kile kinaweza kumwonyesha mtu aliyekulia karibu na Marikiti au Kongowea ni soko la wiki ambalo limekaa mahali pale pale, siku ile ile, kwa zaidi ya miaka 700, na bado ni soko la kweli ambamo mkulima humuuzia mkulima mwenziwe.

Historia yake ni fupi kuielezea. Mallorca ilikuwa chini ya Waislamu tangu mwaka 902 hadi 1229, mji wake mkuu ukiitwa Madina Mayurqa, ambao leo ni Palma. Jaume I, mfalme wa Aragon, aliuteka mwisho wa Desemba 1229. Mwanawe, Jaume II, ndiye aliyejishughulisha na miji ya ndani ya kisiwa. Mwaka 1300 alitoa amri ya kuipanga miji mipya bara, kwa sababu watu na biashara vilikuwa vimerundikana Palma na mashamba ya katikati yalikuwa mbali na soko. Sineu iko karibu katikati kabisa ya kisiwa, katika nyanda wanazoziita Es Pla. Mwaka 1306 mfalme akaipa mji huo haki ya kuwa na soko la wiki, na mwaka 1309 akaanza kujijengea kasri pale pale penye jengo la watawala Waislamu waliomtangulia. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331, soko la Sineu lilikuwa na umri wa miaka 25. Kasri lile lilipewa masista wa Kikatoliki mwaka 1583, miaka 10 kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu. Kwa karne nyingi tangu hapo lilikuwa nyumba ya watawa, na mgeni kwa kawaida huliona kutoka nje: kuta ndefu za mawe ya rangi ya mchanga, madirisha machache. Asitarajie kuingia.

Sasa soko lenyewe. Huanza kiasi cha saa 2 asubuhi na kuvunjika kiasi cha saa 7 mchana. Ndani ya muda huo kuna masoko mawili tofauti, na hili ndilo jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Kuanzia saa 2 hadi saa 4 soko ni la wenyeji: wakulima, wafugaji, akina mama wenye vikapu, wazee wanaobishana bei ya kuku. Baada ya saa 4 mabasi ya hoteli za pwani huanza kushusha watalii, na vichochoro vinajaa hata kupita ni kusukumana. Wauzaji wa wanyama huanza kufungasha mapema kuliko wote, kwa sababu jua likipanda mifugo hutaabika ndani ya vizimba. Atakayefika saa 5 ataona mikoba ya ngozi na fulana, ataulizia wanyama, ataambiwa wameshaondoka.

Kwa hiyo mpangilio wa kutembea ni huu: anza chini, umalizie juu. Mifugo huwekwa kwenye uwanja uitwao Es Fossar. Nenda huko moja kwa moja kabla ya kununua chochote. Utakuta kondoo, mbuzi, mara nyingine punda na farasi, na zaidi ya yote wanyama wadogo: kuku, bata, sungura, njiwa. Zamani miji mingi ya kisiwa ilikuwa na soko la mifugo. Sineu ndiyo maarufu kwa kuendelea nalo.

Mwangalie kondoo mwekundu wa Mallorca kwa karibu kama yupo. Kichwa na miguu ni ya rangi ya kutu, sufu ni nyeupe iliyofifia, na mkia ni mnene, wenye mafuta. Huko Uhispania kondoo wa mkia wa mafuta ni nadra. Kwetu mkia huo ni jambo la kawaida, kila aliyewahi kwenda kwenye mnada wa mifugo Mariakani anaujua, na wataalamu wa mifugo wa huko huhusisha asili ya kondoo huyu na Afrika ya Kaskazini. Utaona pia kila kondoo ana hereni yenye namba sikioni. Hiyo ni sheria ya Umoja wa Ulaya, mnyama asiye na namba hauziki. Ukitaka kupiga picha, mwombe mwenyewe kwanza. Wale si waigizaji, wako kazini, na mtu anayeingiza simu katikati ya mazungumzo ya bei huharibu biashara ya watu wawili.

Ukishaona mifugo, panda juu hadi Sa Plaça, uwanja wa kati ulio chini ya kanisa la Santa Maria. Kanisa hilo ni la karne ya 16, na mnara wake wa kengele umesimama peke yake, ukiunganishwa na kanisa kwa daraja la upinde. Kando yake kuna simba wa shaba mwenye mabawa, alama ya Mtakatifu Marko, ambaye ndiye msimamizi wa mji. Simba huyo alisimamishwa mwaka 1945. Muda wako usiumalizie hapo. Uwanja na njia zinazotoka kwake ndiko zinakouzwa mboga, matunda, zeituni, jibini, asali, tini na aprikoti zilizokaushwa, na lozi.

Lozi ni za kununua kwa uangalifu. Mallorca ni kisiwa cha milozi, na mwishoni mwa Januari na Februari nyanda nzima huwa nyeupe kwa maua. Lakini bakteria aitwaye Xylella fastidiosa aligunduliwa kisiwani mwaka 2016, na ameua milozi mingi. Zao limepungua, kwa hiyo lozi za kutoka nje zinauzwa pembeni ya zile za kienyeji. Za nje kwa kawaida ni kubwa, zimelingana kama zimepimwa. Za kienyeji ni ndogo na hazilingani, na zina mafuta mengi zaidi. Zilizofungashwa kwa utaratibu rasmi huwa na muhuri wa Umoja wa Ulaya wa rangi ya buluu na manjano, pamoja na jina la Ametlla de Mallorca. Za kupima kwa mizani hazina muhuri, basi omba moja uivunje kwa meno: ikiwa na harufu ya mafuta yaliyooza, ni ya msimu uliopita. Mavuno ni Agosti na Septemba, kwa hiyo lozi za Oktoba hadi Desemba ndizo mpya.

Zeituni za kijani zilizopasuliwa huitwa trencades. Hupondwa kidogo ili maji ya chumvi yaingie, kisha huwekwa na majani ya shamari na pilipili. Ni chungu kuliko zeituni za kopo tulizozizoea. Muuzaji atakupa uonje, na si aibu kuonja na kuondoka.

Kuna bidhaa moja ambayo mtu wa Pwani ataitazama kwa jicho la fundi, nayo ni vikapu. Sisi tunasuka ukili wa miyaa ya mkoma. Wao husuka majani ya mti mfupi wa porini wa jamii ya mkoma na mnazi, uitwao garballó, na ukili wake wanauita llatra. Hatua zinafanana ajabu. Majani machanga ya katikati hukatwa kiangazi, huanikwa juani mpaka yapoteze ukijani, huchanwa kwa upana mmoja, husukwa ukili mrefu, halafu ukili hushonwa ubavu kwa ubavu ukizunguka kuanzia kwenye kitako. Tofauti ni kwamba wao, kabla ya kusuka, hufukiza majani kwa moshi wa salfa ndani ya sanduku lililofungwa ili yawe meupe na laini. Kazi hiyo ni maarufu hasa Artà na Capdepera, upande wa kaskazini-mashariki. Sokoni Sineu vikapu vya kienyeji huchanganywa na vingi vya kutoka nje. Geuza kikapu uangalie kitako na mshono. Mswahili aliyezaliwa katika nyumba ya wasukaji atajua kwa vidole kabla muuzaji hajafungua mdomo.

Kitambaa cha maumbo ya ndimi za moto, kiitwacho roba de llengües, nacho kina kipimo chake. Cha kweli hufumwa kwa nyuzi zilizotiwa rangi kabla ya kupandishwa kwenye kitanda cha mfumi, kwa hiyo pande zote mbili zinaonyesha nakshi ile ile na kingo za rangi zimefifia kidogo. Kilichopigwa chapa kina upande mmoja mkali na mwingine uliopauka. Mji wa Santa Maria del Camí, ambao treni hupitia, ni mojawapo ya mahali kinapofumwa mpaka leo.

Nimefika kwenye chakula, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo makala yenu yalipowaacha Waislamu, ambao ni wengi katika wasomaji wenu wa Mombasa, bila neno lolote la msaada.

Mafuta ya kupikia ya asili ya Mallorca, ukiondoa ya zeituni, ni mafuta ya nguruwe. Wao huyaita saïm. Yamo ndani ya vitu ambavyo kwa macho havina uhusiano wowote na nyama. Cha kwanza ni ensaïmada, ule mkate mtamu ulioviringishwa na kunyunyizwa sukari laini, ambao kila mtalii huununua kwenye boksi la pembe nane. Unga huandaliwa kwa maji, sukari, mayai na hamira, hutandazwa mwembamba sana, hupakwa saïm sehemu yote, huviringishwa, kisha huachwa uumuke usiku kucha. Bila saïm tabaka zake hazitengani. Na si suala la mwokaji mmoja mmoja: masharti ya jina lililolindwa la Ensaïmada de Mallorca yanataka mafuta ya nguruwe yawemo. Maana yake ni kwamba yenye muhuri wa ubora ndiyo yenye uhakika wa nguruwe.

Vivyo hivyo kwa vipai vya nyama viitwavyo panades, vya mboga viitwavyo cocarrois, vya utamu viitwavyo robiols, na mara nyingi ule mkate bapa wa mboga uitwao coca. Mtu ataona mchicha na zabibu kavu ndani ya cocarroi, ataamini ni chakula cha mboga tupu, kumbe ganda lake limekandwa kwa saïm. Swali la kuuliza ni "Porta saïm?", na lijibiwe kabla ya kulipa. Kusema tu kwamba huli nyama hakutoshi, kwani huko saïm haihesabiwi kuwa nyama.

Sobrassada ni soseji laini nyekundu ya nguruwe. Hupakwa juu ya mkate, na wauzaji hutoa vipande vya kuonja bila kuulizwa, wakati mwingine vikiwa vimechovywa asali. Frit ni vipande vya maini na matumbo, ya kondoo au ya nguruwe, yaliyokaangwa na viazi na shamari. Sopes mallorquines ni vipande vyembamba vya mkate vilivyolowana mchuzi wa kabeji, na kwa kawaida kabeji hiyo imepikwa na nguruwe.

Kinacholika bila wasiwasi ni hiki. Tumbet, ambayo ni tabaka za viazi, bilingani na pilipili hoho zilizokaangwa kwa mafuta ya zeituni, juu yake rojo ya nyanya. Huliwa peke yake au huwekwa nyama pembeni, kwa hiyo agiza "tumbet tot sol". Pa amb oli, mkate wa ngano nzima uliosuguliwa nyanya na kumiminiwa mafuta ya zeituni, uuombe na jibini, la sivyo utaletewa na paja la nguruwe lililokaushwa. Na gató, keki ya lozi zilizosagwa, mayai, sukari, ganda la limau na mdalasini. Haina unga wa ngano kabisa, ni laini, nayo hupewa na aiskrimu ya lozi. Uliza tu kama sufuria ya kuokea ilipakwa siagi au saïm. Nyama iliyochinjwa kihalali haipatikani kwa urahisi Sineu. Palma inapatikana, hasa mtaa wa Pere Garau, ambako kuna wahamiaji wengi na maduka yao. Basi bora kula vizuri Palma usiku wake na kwenda Sineu na mkate wako.

Wasio na kizuizi hicho watafurahia mikahawa ya mji huo iitwayo celler. Ni ghala za mvinyo za zamani, nyingine chini ya usawa wa barabara, zenye mapipa makubwa ya mbao yaliyopangwa ukutani mpaka darini. Jumatano hujaa. Chakula cha mchana huanza saa 7, na aliyeweka nafasi asubuhi alipopita mlangoni ndiye anayekaa.

Njia ya kufika ni treni. Kutoka uwanja wa ndege wa Palma, basi la A1 linakupeleka Plaça d'Espanya. Chini ya ardhi hapo ndipo kilipo kituo kikuu cha treni na mabasi. Tahadhari ya kwanza: kando ya uwanja huo huo kuna kituo kingine, cha treni ya mbao ya watalii iendayo Sóller, iliyoanza mwaka 1912. Ni nzuri, lakini inaelekea milimani kaskazini, na wageni hupanga foleni pale wakidhani ndiyo treni ya pekee. Ya Sineu ni ile ya chini.

Tahadhari ya pili: kutoka Palma hadi Inca reli ni moja, kisha mbele ya Inca, kwenye kituo kidogo cha Enllaç, inagawanyika. Tawi moja linakwenda Sa Pobla, jingine linakwenda Sineu, Petra na Manacor. Treni nyingine huishia Inca tu. Kwa hiyo panda yenye bango la Manacor. Aliyejikuta kwenye ya Sa Pobla ashuke Enllaç asubiri, asiendelee mbele. Safari ni kama dakika 50, na treni za Manacor hupita takriban kila saa moja, kwa hiyo kukosa moja ni kupoteza ile saa nzuri ya asubuhi. Ondoka Palma kiasi cha saa 2. Tiketi ikatwe kabla ya kupita lango na itunzwe mpaka utoke.

Kwenye ratiba, Jumatano imeandikwa "dimecres", na siku za kazi kwa jumla "feiners". Saa ni za mtindo wa 24, basi 08:00 ni saa 2 asubuhi yetu. Jumatano ikiangukia sikukuu ya taifa au ya kisiwa, ratiba inayotumika ni ya "festius", yenye treni chache zaidi. Reli hiyo ilifika Manacor mwaka 1879, ikafungwa kati ya Inca na Manacor mwaka 1977, ikafunguliwa tena hadi Manacor mwaka 2003. Jengo la zamani la kituo cha Sineu liliwahi kugeuzwa nyumba ya sanaa za uchoraji. Kutoka kituoni hadi sokoni ni dakika chache kwa miguu, mahali pengine unapanda. Usiende na sanduku la magurudumu.

Mwenye gari la kukodi aliegeshe nje ya mji. Njia za katikati hufungwa siku ya soko.

Kwa wanaoswali: wakati wa kiangazi adhuhuri ya Mallorca huingia karibu na saa 8 mchana kwa saa za huko, kwa sababu Uhispania inafuata saa za Ulaya ya kati na tena huzisogeza mbele kiangazi. Soko litakuwa limekwisha, na mtu anaweza kurudi Palma akaswali huko kwa nafasi. Msimu wa baridi huingia karibu saa 7.

Kuhusu visa nitasema machache. Ni ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, huombwa kwa Uhispania, na mwombaji wa Mombasa analazimika kwenda Nairobi kuweka alama za vidole. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari wala chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, na unaweza kufika 45. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa wala Nairobi. Kama utaingilia nchi nyingine ya Schengen, ukaguzi wa uhamiaji unafanyika pale unapotua kwanza, kwa hiyo acha muda wa kutosha kabla ya ndege ya Palma. Kutoka Barcelona kuna pia meli za usiku zinazofika Palma asubuhi.

Sokoni chukua pesa taslimu, noti za 5 na 10. Mwuza kuku hana mashine ya kadi.

Na kurudi nyumbani kuna mambo ya kukagua. Asali na mafuta ya zeituni ni maji kwa wakaguzi wa uwanja wa ndege, kwa hiyo chochote kinachozidi mililita 100 kiende kwenye mzigo wa chini. Kisu cha kukunja cha wakulima, trinxet, nacho kiende huko huko. Mbegu, miche na vipandikizi vya mizeituni usibebe bila kibali cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka Uhispania, na ugonjwa ule wa Xylella ndio sababu tosha. Soseji na nyama kavu ziache huko. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, basi hamishia vitu vyako kwenye kikapu kabla ya kupanda ndege.

Atakayenunua viatu au mikoba ya ngozi Inca, mji wa njiani wenye soko lake Alhamisi, anaweza kudai kurudishiwa kodi ya mauzo, kwa kuwa haishi Umoja wa Ulaya. Aombe fomu ya DIVA dukani, aonyeshe pasipoti, na aipitishe kwenye mashine ya uwanja wa ndege kabla ya kutoa mzigo. Meza za sokoni kwa kawaida hazina fomu hiyo.

Miezi ninayoishauri ni Februari kwa maua ya milozi, Mei, na Oktoba. Jumapili ya kwanza ya Mei Sineu huwa na maonyesho yake makubwa ya mwaka, yenye mifugo mingi kuliko Jumatano yoyote. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30, mawe ya njia huakisi jua usoni, na umati ni mkubwa.

Naomba basi, Mhariri, sahihisho la siku ya soko lichapwe katika toleo lijalo na lisingoje ukurasa wa safari wa mwezi ujao. Wapo wasomaji wenu ambao tayari wanatafuta nafasi za miadi ya visa, na mashirika ya ndege yana bei nafuu za kwenda Alhamisi na kurudi Jumanne. Atakayekata tiketi ya namna hiyo kwa kuamini mlichoandika atakaa Mallorca siku sita, na Jumatano haitakuwemo.

Msomaji wenu,
Kibokoni, Mombasa